Fedha ya Mnunuzi, Haki ya Mpangaji

Anayenunua kitabu cha karatasi hupata vitu viwili kwa malipo mamoja: maandishi ya kusoma na nakala ya kumiliki. Maandishi hubaki chini ya hakimiliki ya mwandishi, wala hakuna mnunuzi anayedhani kwamba kwa kulipia nakala moja amepata ruhusa ya kuchapa nakala elfu. Nakala yenyewe, hata hivyo, ni mali yake. Anaweza kuwaazima wenzake, kuiuza, kuiandika pembezoni, kuigawa au kuwaachia wanawe. Anayenunua kitabu hichohicho katika umbo la kielektroniki, mara nyingi kwa bei isiyopishana sana na ile ya karatasi, hapati kitu hicho cha pili. Anachopewa ni leseni, yaani ruhusa ya kusoma kwa masharti, kwenye vifaa vilivyokubaliwa, kupitia akaunti ambayo muuzaji anaweza kuifunga. Ametoa fedha ya mnunuzi, akapewa haki ya mpangaji. Hali ni hiyohiyo kwa nyimbo, filamu, michezo ya kompyuta na programu za kazi, na kwa maoni yangu hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote katika uhusiano wa sasa kati ya walaji na wenye hakimiliki, kubwa kuliko hata suala la bei.

Ninayasema haya nikiwa muumini wa hakimiliki. Mtunzi wa riwaya, mwanamuziki, mchora katuni na mwandishi wa programu wote wanauza kitu kigumu mno kutengeneza na rahisi mno kunakili, na bila sheria ya kuwalinda, kazi zao zingebaki kuwa shughuli ya wenye mali na ya wachache waliobahatika kupata wafadhili. Ninachokipinga ni hatua iliyofuata, ambapo ulinzi wa mtunzi dhidi ya wanaonakili kazi yake umegeuzwa kuwa utawala wa muuzaji juu ya mteja aliyekwisha kulipa.

Mpaka kati ya mambo hayo mawili uliwahi kuchorwa vizuri. Mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ya uchapishaji ya Bobbs-Merrill ya Marekani ilichapa ndani ya riwaya yake tangazo lililosema kwamba hakuna muuzaji aliyeruhusiwa kuiuza rejareja chini ya dola 1, na kwamba kufanya hivyo kungehesabiwa kuwa uvunjaji wa hakimiliki. Duka la Macy's likaiuza kwa senti 89. Shauri lilifika katika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, ambayo mwaka 1908 iliamua kwamba haki ya mchapishaji ya kuuza kazi yake haimpi mamlaka ya kutawala mauzo yote yanayofuata baada ya nakala kutoka mikononi mwake kwa njia halali. Mchapishaji alikuwa amekwisha kulipwa, na tangazo lililochapwa kwenye ukurasa halikuweza kumfunga mtu ambaye hakuingia naye mkataba. Kanuni hiyo iliingizwa katika sheria ya hakimiliki ya Marekani mwaka 1909, na kanuni zinazofanana nayo zipo katika mifumo mingi ya sheria duniani. Ndiyo inayowaruhusu wauzaji wa vitabu vilivyotumika kufanya biashara bila kuomba kibali cha mtu, na ndiyo inayowaruhusu marafiki kubadilishana santuri na kanda.

Faili za kompyuta ziliivuruga kanuni hii kwa sababu ambayo kimsingi ni ya kiufundi. Kitabu cha karatasi kikihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, hakizai kitabu cha pili. Faili haihami kwa namna hiyo. Huandikwa upya upande wa pili, kisha ile ya kwanza hufutwa, au haifutwi. Hata kuendesha programu tu ni kuinakili kutoka kwenye diski kwenda kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kwa kuwa hakimiliki ni sheria inayosimamia uzalishaji wa nakala, matendo ambayo zamani hayakumhusu mtunzi hata kidogo, kama kusoma, kuazima na kuuza kilichotumika, sasa yamejikuta ndani ya eneo lake, na kila moja linaweza kuwekewa sharti katika leseni.

Mahakama zimejaribu kulitatua hilo, na majibu yao hayapatani. Kampuni ya ReDigi ya Marekani ilianzishwa ili kuwawezesha watu kuuza nyimbo walizozinunua kihalali kwenye iTunes, duka la mtandaoni la Apple, kwa mfumo uliofuta nakala ya muuzaji kadiri wimbo ulivyokuwa ukihamishwa. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa mjini New York ilisema kwamba bado nakala mpya ilikuwa imeundwa kwenye seva, na kwamba huo ni uvunjaji wa hakimiliki. Barani Ulaya, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2012, katika shauri kati ya UsedSoft na Oracle, kwamba anayelipa mara moja na kupewa programu aitumie bila kikomo cha muda amenunua, hata kama mkataba unasema ni leseni, na kwa hiyo anaweza kuiuza mradi nakala yake mwenyewe isitumike tena. Miaka saba baadaye, mahakama hiyohiyo iliikatalia kampuni ya Tom Kabinet ya Uholanzi kuuza vitabu vya kielektroniki vilivyotumika. Pamoja na hoja nyingine, majaji walisema kwamba faili haichakai, hivyo nakala iliyotumika inashindana na mpya kikamilifu.

Hoja hiyo ya kuchakaa nimeitafakari sana na siikubali. Haki ya kuuza mali yako haijawahi kutegemea uchakavu wake. Kitabu ambacho hakijafunguliwa hata mara moja kinaweza kuuzwa kesho yake, na hakuna anayemtaka mwenyewe akikunje kwanza. Tena, programu ya kompyuta nayo haichakai, ila mahakama iliruhusu iuzwe. Mlaji anaachwa na hali ambayo haki zake zinategemea kama faili aliyoilipia imeainishwa kuwa programu au kuwa kitabu, jambo ambalo mtu wa kawaida hawezi kutarajiwa kulikisia anapobofya kitufe cha malipo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mabishano ya wanasheria, na kwamba mradi kitabu kinasomeka, hakuna aliyeumia. Ukweli ni kwamba watu wamekwisha umia. Julai 2009, wasomaji waliokuwa wamenunua nakala fulani za riwaya mbili za George Orwell kwa ajili ya Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, walikuta zimetoweka kwenye vifaa vyao. Amazon ilikuwa imebaini kwamba aliyeziweka sokoni hakuwa na haki ya kuzichapisha nchini Marekani, ikazifuta kwa mbali na kuwarudishia wateja fedha zao. Jeff Bezos, mkuu wa Amazon wakati huo, aliomba radhi hadharani. Hata hivyo, fedha hazikurudisha kila kitu, kwa kuwa maelezo ambayo wanafunzi walikuwa wameyaandika kwenye kurasa hizo kwa ajili ya masomo yao yalibaki bila maandishi ya kuyaeleza. Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu mwaka 2019, iliwarudishia wateja bei yote waliyolipa, na waliokuwa wameandika maelezo pembezoni wakaongezewa dola 25. Huo ulikuwa uungwana, na ninaupongeza. Lakini uungwana ni hiari ya muuzaji, na mteja hapaswi kutegemea hiari ya mtu kwa kitu alichokilipia.

Wengi wa wapenzi wa michezo ya kompyuta hawakupata hata hiyo hiari. Kampuni ya Ubisoft iliuza mchezo wa mbio za magari uitwao The Crew kuanzia mwaka 2014, ukiwa umeundwa kwa namna ambayo haukuweza kuchezwa bila kuunganishwa na seva za kampuni, hata kwa mchezaji aliyetaka kucheza peke yake. Seva zilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na mchezo ukakoma, ukiwemo ule uliokuwa kwenye diski ambazo watu walizinunua madukani na bado wanazo. Hasira iliyotokana na tukio hilo ilizaa kampeni ya kudai kwamba michezo iliyouzwa isizimwe bila kuachiwa njia ya kuendelea kuchezwa, na ombi lililopelekwa kwa Umoja wa Ulaya lilipata saini zaidi ya milioni 1 mwaka 2025. Ninaona madai hayo kuwa ya wastani kabisa. Hayamlazimishi mtengenezaji kulipia seva milele, bali yanamtaka, anapoondoka, asiondoke na kilichouzwa.

Katika programu za kazi, mkondo ni uleule, ila huko umekuja kwa sura ya malipo ya kila mwezi. Mei 2013 Adobe ilitangaza kwamba haitatoa tena matoleo mapya ya programu zake za ubunifu kwa malipo ya mara moja. Creative Suite 6, iliyotoka mwaka 2012, ikawa ya mwisho, na watakaotaka vipengele vipya wakatakiwa kujiunga na huduma ya kulipia kwa mwezi au kwa mwaka. Kampuni nyingi, kubwa na ndogo, zimefuata njia hiyo. Sitasema kwamba utaratibu huu ni mbaya kwa asili. Programu iliyounganishwa na intaneti inahitaji kuzibwa mianya ya usalama kila mara, inahitaji kwenda sambamba na mifumo endeshi inayobadilika, na watu wanaofanya kazi hiyo wanakula kila mwezi, si mara moja kwa miaka mitatu. Anayehitaji programu ghali kwa kazi ya wiki chache tu pia ananufaika, kwa sababu analipa kidogo na kuondoka.

Ninachokikataa ni pale malipo ya mwezi yanapogeuka kuwa ufunguo wa kazi za mteja mwenyewe. Mbunifu aliyetumia programu moja kwa miaka mingi ana maelfu ya faili katika muundo ambao programu nyingine haziwezi kuufungua kikamilifu. Siku akishindwa kulipa, kwa sababu ya ugonjwa au kukosa kazi, hapotezi zana peke yake, bali pia njia ya kuifikia michoro aliyoichora kwa mkono wake. Hakimiliki ya michoro hiyo ni yake, lakini haimsaidii chochote. Hapa sheria ingeweza kuweka sharti jepesi: kwamba programu ambayo malipo yake yamekoma iendelee kufungua, kuonyesha, kuchapa na kuhamisha faili zilizotengenezwa nayo, hata kama hairuhusu kuanzisha kazi mpya. Sharti jingine ni kwamba kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga. Juni 2024 serikali ya Marekani, kwa hoja ya Tume yake ya Biashara ya Shirikisho, ilifungua kesi dhidi ya Adobe, ikidai kwamba ada ya kuvunja mapema mkataba wa mwaka unaolipwa kila mwezi haikuwekwa wazi kwa wateja na kwamba njia ya kujitoa ilifanywa kuwa ngumu. Madai ya aina hiyo yanaeleweka mara moja na mtu yeyote aliyewahi kutafuta kitufe cha kusitisha huduma kwenye tovuti au programu ya simu.

Wengi wakifika hapa huhitimisha kwamba basi, kama kununua si kumiliki, kunakili nako si kuiba. Mimi sifiki huko. Februari 1976, Bill Gates akiwa kijana aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi akilalamika kwamba wengi wao walikuwa wakiitumia BASIC ya kampuni yake, yaani programu ya kuandikia programu nyingine, bila kuilipia, akauliza ni nani angemudu kufanya kazi ya kitaalamu bila ujira. Swali hilo halijazeeka, na halijibiwi kwa kutaja utajiri aliokuja kuupata baadaye, kwa sababu wengi wanaoumizwa na uharamia ni watengenezaji wadogo wenye programu moja au albamu moja. Aidha, anayepakua programu iliyovunjwa ulinzi wake dhidi ya kunakili kutoka kwa mtu asiyemjua anaendesha kwenye kompyuta yake kitu kilichohaririwa na mgeni, na hana wa kumlalamikia akiibiwa nywila au faili zake zikifungwa na wahalifu wanaodai fidia.

Lakini ukweli mwingine nao lazima usemwe: kufuli za kidijitali, yaani vizuizi vya kiufundi dhidi ya kunakili, humbana zaidi yule aliyelipa. Nakala ya haramu huwa imekwisha ondolewa kufuli. Ni mteja mwaminifu anayeambiwa kwamba kifaa chake hakijaidhinishwa au kwamba diski yake ya DVD ni ya kanda nyingine ya dunia. Mwaka 2005 Sony BMG iliuza CD za muziki ambazo, zikiwekwa kwenye kompyuta ya Windows, zilisakinisha kwa siri programu ya kuzuia unakili iliyojificha ndani ya mfumo na kufungua mwanya ambao waandishi wa virusi waliutumia. Walioathirika ni wale walioingia dukani na kulipa. Sheria nayo imeziongezea kufuli hizo nguvu: kufuatia mkataba wa kimataifa wa mwaka 1996, Marekani ilipitisha mwaka 1998 sheria inayokataza kuvunja kufuli ya kidijitali, na kwa kiasi kikubwa haijalishi kama aliyeivunja alikuwa na haki ya kutumia kilichomo. Norwe ilionyesha busara zaidi. Kijana Jon Lech Johansen, aliyeshiriki kutengeneza programu ya kufungua DVD, aliachiwa huru mwaka 2003, mahakama ikikubali kwamba mtu ana haki ya kutazama filamu aliyoinunua kwa kifaa anachokichagua. Na biashara haikuanguka kufuli zilipoondolewa: iTunes iliuza nyimbo zenye kufuli tangu mwaka 2003, ikaziondoa katika orodha yake ya muziki mwaka 2009, na watu waliendelea kununua.

Kuhusu muda wa ulinzi nitasema kwa ufupi. Sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika mwaka 1710 ilimpa mwandishi miaka 14, na mingine 14 kama bado alikuwa hai. Mkataba wa kimataifa wa hakimiliki wa Berne, wa mwaka 1886, kama ulivyo leo, unataka angalau maisha ya mtunzi na miaka 50 zaidi, na Ulaya na Marekani zimekwenda hadi 70. Kwa riwaya, huenda muda huo ukavumilika. Kwa programu iliyoandikwa kwa ajili ya mashine zisizotengenezwa tena, ambayo hakuna anayeiuza na pengine hakuna anayejua tena mwenye haki ni nani, ulinzi wa karibu karne nzima haumlipi mtu yeyote, na unawazuia wahifadhi kuiokoa kabla diski hazijaoza.

Mlaji ambaye hapendi masharti haya ana njia halali ya kuyakwepa, yaani programu huria, na ninashangaa kwamba bado haitumiki kwa wingi unaostahili. Mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo endeshi huria, ulitangazwa na Richard Stallman mwaka 1983, Linux, kiini cha mfumo wa aina hiyo, ikafuata mwaka 1991, na leo mtu anaweza kuandika barua na kutengeneza majedwali kwa LibreOffice, kutazama video kwa VLC na kuhariri picha kwa GIMP, bila kulipa ada na bila kuvunja sheria. Programu hizi zimejengwa juu ya hakimiliki yenyewe: waandishi wake wanaitumia haki yao kutoa leseni inayomruhusu kila mtu kuendesha, kuchunguza, kubadilisha na kusambaza. Hakuna anayeweza kuzifuta kwa mbali kwa sababu ya mabadiliko ya sera. Nitaongeza neno moja kwa watumiaji wenzangu, kwamba programu kutodai ada hakumaanishi haina gharama. Anayeitegemea kila siku na ana uwezo afanye vyema kuichangia, kwa fedha, kwa kuripoti hitilafu au kwa kutafsiri.

Maktaba nazo zinastahili kutajwa, kwa sababu ndiko wasio na uwezo wa kununua wanakopata vitabu. Maktaba inayonunua kitabu cha karatasi hukiazimisha mpaka kichanike. Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins iliamua kwamba kitabu chake cha kielektroniki kingeazimishwa mara 26, kisha maktaba inunue leseni upya. Faili isiyochakaa ikapangiwa uchakavu kwa mkataba. Wale wanaosema kwamba vitabu vya kielektroniki haviwezi kuuzwa tena kwa sababu havichakai hawana budi kueleza kwa nini maktaba zilipishwe kana kwamba vinachakaa.

Hatua za kwanza zimeanza kuonekana. Tangu Januari 2025, sheria ya jimbo la California inamkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kumwambia mteja kwamba ananunua iwapo kinachotolewa ni leseni inayoweza kuondolewa, isipokuwa amueleze hivyo waziwazi. Ni mwanzo mzuri, lakini onyo pekee halitoshi, kwa kuwa mteja anayeonywa na hana duka jingine la kwenda bado amebanwa. Ninachokitaka ni haki yenyewe: kwamba kilicholipiwa kwa bei ya kununua kiweze kupakuliwa na kuhifadhiwa na mteja, kiweze kuuzwa au kutolewa zawadi mara moja kwa mtu mmoja, na kiweze kurithiwa. Hilo la mwisho ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu masharti ya huduma nyingi husema kwamba akaunti haihamishiki, na familia inayofiwa inaweza kujikuta haina haki juu ya mkusanyiko wa vitabu na muziki ambao marehemu aliulipia maisha yake yote.

Wenye hakimiliki watajibu kwamba haki hizo zitaua soko. Waliyasema hayo kuhusu vinasa video pia, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua mwaka 1984, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba mtu anaweza kurekodi kipindi ili akitazame baadaye, na kanda za video zikaja kuwa chanzo kikubwa cha mapato kwa studio zilezile zilizokuwa zikizipinga. Ugumu wa kiufundi nao hauna uzito. Maduka haya tayari yanajua ni akaunti ipi ina faili ipi, yanahesabu vifaa, na yanaweza kumwondolea mtu ruhusa kwa mbali. Kumwondolea muuzaji na kumpa mnunuzi, au kumpa mrithi, ni kazi ya mfumo uleule. Kinachokosekana ni sheria ya kuwalazimisha kuifanya, na hiyo ndiyo tunayopaswa kuwadai wabunge wetu, kila nchi inapoifungua upya sheria yake ya hakimiliki, kwa kuwa mara nyingi kwenye vikao hivyo wachapishaji na studio hutuma wawakilishi na walaji hawatumi mtu.